Maji Juu ya Fyulisi

Mkamwana wangu ni mwanamke mwema, lakini wiki iliyopita nilitamani kumzaba kofi. Alikuwa ameleta ndoo ndogo ya mafyulisi, haya ambayo vijana wanayaita mapichi, na nyumba nzima ikajaa ile harufu yake iliyo kati ya asali na majani mabichi. Mjukuu wangu akala matatu, juisi ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko, kisha akakimbilia kikombe cha maji. Mama yake akamnyang'anya. "Umekula matunda, usinywe maji, tumbo litakuvuruga." Niliinuka nilipokuwa nimeketi, nikakichukua kikombe mkononi mwake, nikamrudishia mtoto. "Kunywa," nikasema. Mkamwana wangu alinitazama kama mtu asiyenijua. Sikumweleza kitu. Ninawaeleza ninyi mliokua enzi zangu, ambao maneno yale mliambiwa na mama zenu, na huenda mmewaambia watoto wenu bila kufikiri.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mteremko mrefu upande wa Iringa, na maji yalikuwa chini bondeni. Kushuka kulikuwa mchezo. Kupanda na debe kichwani, miguu ikiteleza kwenye udongo mwekundu, ilikuwa kazi ya kukata pumzi, nayo ilikuwa kazi yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa na miaka kama tisa. Mdogo wangu Luka alikuwa na minne. Baada yake alikuwapo mtoto mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Baba alikuwa mashamba ya chai huko Mufindi, akirudi mara mbili kwa mwaka na sukari na blanketi jipya. Mama alikuwa Msangu wa Ubaruku, mtu wa bondeni, wa mpunga na joto, na hata baada ya miaka yote ile kwetu bado alitetemeka asubuhi za ukungu.

Shangazi Melania, dada mkubwa wa baba, alikuja kuishi nasi baada ya kufiwa na mumewe Mbeya. Alikuwa mrefu, mnene, mwenye sauti iliyoongoza nyimbo kanisani bila kuhitaji msaada wa mtu. Kwa kuwa alikuwa ameishi mjini, wanawake wa kwetu waliyapokea maneno yake kama yametoka kwa daktari. Alisema mjamzito asile mayai, hawakula. Alisema mtoto asiyeota meno asioneshwe kioo, vioo vikageuzwa ukutani. Na alisema aliyekula tunda asiguse maji mpaka jua lihame. Sababu yake alitueleza mimi na Luka siku moja akitupukuchulia mahindi: maji yakilikuta tunda tumboni, tunda linaumuka kama pombe, na utumbo unapasuka.

"Mtu anakufa ndani kwa ndani," alisema. "Ndugu zake wanadhani amelala."

Nilimwamini kabisa. Nyuma ya jiko tulikuwa na mifyulisi miwili, na msimu ulipofika nilikuwa nikila, kisha nalala chali kwenye majani nikisikiliza kama kuna kitu kinachemka ndani yangu.

Msimu ule, habari zilikuja kwamba bibi mzaa mama anaumwa sana huko Ubaruku. Mama akamfunga mchanga mgongoni, akajiandaa kwenda barabara kuu kutafuta lori. "Wifi, nakuachia wanangu," alimwambia shangazi.

"Nenda, wifi. Ni wanangu pia."

Siku ya tatu baada ya mama kuondoka, Luka alianza kuharisha. Mvua ilikuwa hainyamazi. Nyumba za kwetu zilikuwa mbali moja na nyingine, na hakuna jirani aliyeingia uani. Shangazi alisema ni mafyulisi, na kwamba hakuna dawa isipokuwa kumkausha. "Anaharisha maji, halafu umwongezee maji?" aliniuliza, nami nikakubali, kwa sababu ilionekana kweli. Akauhamishia mtungi chumbani kwake. Akampa Luka kipande cha ugali mkavu, ambacho Luka alikishika tu mkononi.

Siku ya pili ya kuharisha aliomba maji tangu alipoamka. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Nilimuuliza shangazi kama tumpeleke zahanati ya misheni, maana wenzangu walikuwa wamepelekwa kule wakapona. Ulikuwa mwendo wa nusu siku. "Kwa mvua hii?" akasema. Akajifunika khanga kichwani, akaenda kanisani kuongoza nyimbo, akarudi. Sijui kama alimwambia mtu yeyote kule kwamba nyumbani ana mgonjwa. Nadhani hakusema.

Siku ya nne Luka hakulia tena. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na midomo ilikuwa na magamba meupe. Nilimfinya ngozi ya tumbo kwa mchezo, kama tulivyokuwa tukifinyana, ikabaki imesimama kama kitambaa. Nilimtafunia nusu ya fyulisi nikamtia mdomoni, akameza. Kisha akasema, "Dada, maji." Alisema taratibu, bila kudeka, kama mtu mzima anayeomba njia apite. Shangazi alikuwa bustanini. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, lakini nje, hatua tatu tu kutoka alipolala mdogo wangu, maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye ncha za nyasi za paa letu, yanachimba mfereji, yanakwenda zake. Nilikinga kikombe cha bati. Luka alikishika kwa mikono miwili. Alikunywa chote, akashusha pumzi, akanirudishia na kutabasamu.

Shangazi alinikuta na kikombe mkononi. Alitazama kikombe, akatazama kokwa la fyulisi sakafuni. Jua lilipokuwa linazama Luka akawa hapumui, na hapo ndipo shangazi aliposhika kichwa chake na kupiga ukelele uliowaleta majirani wote ambao kwa siku nne hawakuwa wameitwa. "Amemnywesha maji juu ya fyulisi! Mtoto amemuua mwenzake!"

Tulimzika kesho yake. Mama alifika siku mbili baadaye, matope mpaka magotini, na shangazi akampokea uani mbele ya watu.

"Alikuwa mzima, wifi," alimwambia akilia. "Asubuhi amekula fyulisi, binti yako akamnywesha maji. Jioni hayupo."

Nilikuwa nimesimama pale, nikasikia, na sikumpinga, kwa sababu mambo yote mawili yalikuwa kweli. Fyulisi nilimpa. Maji nilimpa. Zile siku nne sikuona kama zilikuwa na maana yoyote. Nilidhani wakubwa wote wanazijua, na kwamba kama hazikutajwa basi hazikuhusika. Mama alinitazama kwa muda mrefu. Hakunipiga. Kama angenipiga labda ningepona mapema. Alichofanya ni kuacha kupokea kitu kutoka mkononi mwangu. Nikimpelekea chakula, angesema niweke chini, kisha angekiokota mwenyewe. Hata mchanga hakunipa tena nimbebe. Wanawake wengine nao wakawa wananiona njiani na kuwavuta watoto wao upande wa pili. Watoto wenzangu walinipa jina la Mwenye Maji.

Shangazi alikuwa na mkutano wa wanawake kila Alhamisi uani kwetu. Wanaomba, wanaimba, kisha anawafundisha mambo ya nyumba. Alhamisi ya kwanza baada ya msiba aliniita, akanisimamisha katikati, akaniwekea mkono begani. "Mnamwona huyu?" aliwaambia. "Hakukusudia, masikini. Lakini mjifunze." Mkono wake ulikuwa mzito na unanata. Ulinuka fyulisi. Nikageuza kichwa nikamtazama, na kwenye pembe ya mdomo wake nikaona kijinyuzi cha njano cha tunda lililotoka kuliwa. Mdogo wangu alikuwa ardhini, na yeye alikuwa anakula mafyulisi yetu kila siku, akioga vizuri, akiimba vizuri, akinishika bega.

Chuki iliyonipata pale sijawahi kuipata tena maishani, na nimeishi miaka mingi na watu wabaya. Mpaka siku ile nilikuwa najichukia mwenyewe. Ghafla chuki ile ikahama, ikaenda kwake nzima nzima, nami nikajisikia mwepesi. Nikawaza jambo ambalo mpaka leo linanishangaza kwa jinsi lilivyokuwa wazi: mimi ni mtu aliyekwisha kuua kwa kukosea, basi naweza kuua kwa kukusudia. Na najua namna yake.

Shida ilikuwa kwamba shangazi alizishika sheria zake. Akila fyulisi hagusi maji hata kama koo limekauka. Lakini alikuwa anakunywa ulanzi, ule utomvu wa mianzi. Ilikuwa miezi ya kugema mianzi, na jirani yetu Mzee Kalolo alikuwa akigema kwenye mianzi ya baba, akituachia kibuyu kila asubuhi kwenye uzio. Ule uliolala ukakolea shangazi hakuugusa, maana alikuwa mtu wa kanisa. Alikunywa ule wa asubuhi, mtamu, kabla haujachacha. "Huu si maji," alikuwa akisema. "Huu ni jasho la mwanzi."

Nikaanza kuamka mapema kuliko yeye. Siku ya kwanza nilimwaga nusu ya ulanzi shimoni, nikajaza maji ya kijitoni niliyoyabeba mwenyewe kichwani. Alikula mafyulisi matano, nikahesabu makokwa. Akanywa kikombe kizima. Nilikaa kizingitini nikijifanya nachambua maharage, nikamsubiri. Adhuhuri alikula ugali. Alasiri akasuka ukili. Jua likazama, akaongoza sala.

Nilifikiri maji hayakutosha. Siku ya pili nikaacha robo tu ya ulanzi. Alipoonja alikunja uso. "Mvua za mwaka huu zimeuharibu ulanzi," akasema, "umekuwa mwepesi." Akamaliza kikombe, akaomba kingine. Nikamletea kwa mikono miwili, nimepiga goti kama nilivyofundishwa, na moyoni nikisema: kufa, shangazi. Kufa sasa hivi.

Siku ya tatu nilimchagulia mafyulisi mwenyewe, makubwa, yaliyoiva mpaka yanateleza ganda. Alinisifu. Alisema sasa ninakuwa mtoto mzuri. Siku hiyo ulanzi ulikuwa wa harufu tu, mengine yote yalikuwa maji. Alikunywa vikombe viwili, akacheua, akaenda kulala mchana. Nikajua ndiyo hiyo: ndugu zake wanadhani amelala. Nikaketi nje ya mlango wake, nikatega sikio.

Alikuwa anakoroma.

Alikoroma mchana kutwa. Akaamka, akanyoosha mgongo, akaniuliza kwa nini sijawafungulia kuku. Kwanza nililia kwa hasira kwa sababu hakufa. Nilikimbilia nyuma ya jiko, nikaupiga mfyulisi mateke mpaka kidole kikatoka damu. Na katikati ya kupiga nikasimama. Siku tatu mfululizo shangazi alikuwa amekunywa maji juu ya mafyulisi, mengi kuliko Luka angeweza kunywa kwa mwezi. Basi Luka hakufa kwa kikombe changu. Nililirudia neno hilo kwa sauti, peke yangu, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, ili nione kama linabaki kweli kwa lugha zote mbili.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Wanawake walikuja kama kumi na wawili, na mama alikuwa ameketi kwenye kona ya uani na mchanga, amejikunyata, kama alivyokuwa tangu msiba. Baada ya nyimbo shangazi aliniita tena. Nilikwenda. Lakini nilikuwa na mafyulisi matatu kwenye upindo wa gauni, na kabla hajaweka mkono begani nikaanza kula. Nilikula la kwanza, la pili, la tatu, haraka haraka, nikitema makokwa miguuni pake. Kisha nikaenda kwenye debe la maji lililokuwa pembeni, nikateka kikombe, nikanywa. Mwanamke mmoja alipiga kelele. Nikateka cha pili, nikanywa.

"Mshikeni!" shangazi alisema. "Anajiua!"

"Sifi," nikasema. "Na wewe hukufa. Siku tatu nimekutilia maji kwenye ulanzi, umekula mafyulisi na umekunywa."

Shangazi alinikazia macho, na nikaona akihesabu kichwani: ule wepesi, zile mvua.

"Ulitaka kuniua," akasema.

"Ndiyo."

"Mmesikia?" Aliwageukia wanawake, sauti imepanda. "Mmesikia mtoto huyu? Amesema mwenyewe!"

Lakini hakuna aliyemjibu, kwa sababu mama alikuwa amesimama. Tangu arudi Ubaruku sikuwa nimemwona akisimama wima namna ile. Alimpita shangazi kana kwamba si mtu, akaja mpaka mbele yangu, akaniuliza, "Basi mwanangu alikufa na nini?"

"Sijui, mama."

"Siku ile ilikuwaje? Nieleze tangu asubuhi."

"Asubuhi alikuwa halii tena," nikasema. "Siku za kwanza ndiyo alilia."

Mama aliniinamia. "Siku zipi za kwanza?"

Ndipo nikamweleza. Nilimweleza kama mtu anayetaja mambo madogo madogo: kuharisha kwa siku nne, mtungi uliohamishiwa chumbani, ugali mkavu, Jumapili ya kanisani, zahanati, ngozi ya tumbo iliyosimama. Nilipokuwa nasema niliona nyuso za wale wanawake zikibadilika, na sikuelewa kwa nini, kwa maana nilidhani naeleza yale ambayo kila mtu anayajua. Mama hakulia. Alimgeukia shangazi, akazungumza kwa sauti ya chini sana.

"Kwetu Ubaruku, wifi, kule kwa mbu unakokucheka, mtoto akiharisha tunamchemshia mchele, tunampa maji yake usiku na mchana mpaka akojoe. Mwanangu amekufa kwa kiu ndani ya nyumba inayovuja mvua. Na wewe ukaniambia ameuawa na dada yake."

Wanawake waliinuka mmoja mmoja, wakachukua vitambaa vyao vya kukalia, wakaondoka bila kuaga. Mama alinishika mkono, akaniingiza ndani, akaketi, akanipakata mapajani pake ingawa nilikuwa mkubwa na miguu yangu ilifika chini.

Baba alipoitwa akarudi. Alimsikiliza mkewe, akamsikiliza dada yake, akaenda kukaa kaburini kwa Luka mpaka alasiri. Hakumfukuza shangazi. Alikuwa dada yake mkubwa, na hakuwa na ulimi wa kumfukuza. Mimi nilikuwa nao, ila wangu ulikuwa wa aina nyingine. Nilikataa kumchotea maji. Hakuna aliyenilazimisha, na wasichana wa nyumba za jirani nao wakakataa. Kwa hiyo shangazi Melania, mwanamke wa mjini, akawa anashuka mwenyewe bondeni na debe lake, na kupanda. Nilikuwa nikipanda juu ya jiwe lililokuwa karibu na kichaka cha mianzi ili nimwone vizuri. Aliteleza. Alipumzika mara nne kabla ya kufika juu, siku nyingine mara sita. Nilimhesabia. Wengine wa umri wangu wakikumbuka maovu yao ya utotoni husema walijuta baadaye. Mimi sikujuta, na sijaanza.

Mikutano ya Alhamisi ikafa. Kanisani akawa anakaa nyuma, na mwanamke mwingine, mwenye sauti mbovu, akaongoza nyimbo. Mvua zilipokwisha shangazi alisema anarudi Mbeya kwa ndugu wa marehemu mumewe. Mama aliniagiza nimbebee sanduku mpaka barabarani. "Mbebee," alisema, "nataka niwe na uhakika ameondoka."

Nilitangulia na sanduku kichwani. Barabarani tuliweka sanduku chini, tukasubiri lori. Vumbi lilikuwa limeanza, na upepo wa kiangazi ulimpiga khanga usoni. Alinitazama pembeni.

"Ulitaka nife kweli?"

"Ndiyo, shangazi."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Kisha akasema, akitazama upande lori litakakotokea, "Nilizaa wawili Mbeya. Kabla yenu wote. Waliharisha wiki moja, wote wawili. Mama yangu aliniambia niwakaushe, nikawakausha." Akaifunga upya khanga yake. "Mimi nilijua hivyo tu. Hakuna aliyeniambia vingine."

Nadhani alikuwa ananiomba kitu. Mtu mzima angejua ni nini na pengine angempa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilichosikia ni kwamba hatimaye nimeoneshwa mahali pa kumpiga. Lori lilikuwa linakuja, tuliliona likipanda kilima taratibu. Nilisubiri mpaka limekaribia ili asipate nafasi ya kuzunguka jibu.

"Nao walikuwa wanakuomba maji?" nikamuuliza.

Abiria waliokuwa juu wakapokea sanduku, wakamshika mikono, wakamvuta. Akaketi juu ya magunia akiwa amenigeukia. Lori likaondoka, naye bado ananitazama, mdomo umefunguka kama anataka kusema. Nilisimama palepale katikati ya barabara mpaka likapotelea kwenye kona, nikimsubiri anijibu.